Papa Soudeur na Wenye Kusukuma

Alikuwa na tabia ya kupaka chokaa vitu ambavyo hakuna aliyetaka viwe vyeupe. Fremu ya kitanda, mguu wa meza, lango la duka: kabla hajakubali kwamba kazi imekwisha, alikoroga chokaa kwenye kopo la maziwa ya unga, akapaka kila mahali alipochomelea, akaacha ikauke juani. Halafu alikipakia kile kitu mawe meusi ya volkano, ambayo kwetu Goma huna haja ya kuyatafuta, akakitikisa na kukiacha siku mbili au tatu. Akirudi alipiga magoti na kuikagua ile chokaa kwa kidole. Pale ilipopasuka, chuma kilikuwa kimeteseka ndani hata kama jicho halioni kitu. Pale ilipobaki nzima aliguna tu na kwenda mbele.

Sisi wa mtaa wa Majengo tulimwita Papa Soudeur, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma, na hata mke wake alimwita hivyo mbele ya watu. Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Hayo wanayajua watu wake, na mimi si mtu wa kuyasimulia. Ninaloweza kusema ni jinsi alivyokuwa, na jinsi nilivyomtendea. Ningekuwa na uchaguzi ningesema la kwanza tu, nikaweka kalamu chini.

Wateja walimlalamikia kila siku. Mwenye harusi anataka kitanda Ijumaa, Papa Soudeur anamwambia kitanda bado kiko chini ya mawe. Kuna kitanda kimoja kilichomletea maneno ya mwaka mzima. Bwana harusi alikuja na wajomba zake wanne kukichukua, wakiwa wamevaa makoti, na Papa Soudeur akakataa kukitoa mpaka wajomba wakikalie wote pamoja, pale pale barabarani, kisha waruke kidogo. Wajomba wakaruka. Majengo nzima ilitoka kuangalia, akina mama wakashika mbavu kwa kucheka, na shangazi wa bibi harusi aliapa kwamba hatamsalimu tena. Kitanda hicho kipo mpaka leo, na watoto watano wamezaliwa juu yake.

"Ya kwanza ni ya kuvunja," alikuwa akisema. "Mwenye kuuzisha ya kwanza anachezea batu." Yaani anachezea maisha ya watu. Kitu chochote kipya alikitengeneza kwanza ili akiharibu, akaangalia kimeharibika vipi, ndipo akatengeneza cha pili cha kuuza. Mke wake alisema wangekuwa na nyumba ya matofali kama si vile vitu vya kwanza vilivyojaa uani.

Lakini asije mtu akadhani alikuwa mzee wa kukataa mambo mapya, mwenye hekima ya kutisha. Hapana. Alikuwa na mambo yake ya ovyo. Aliwafokea watu kwa kupima vibaya, na yeye mwenyewe alipima kwa shubiri. Alijua kwamba mwanga wa soudure, ule wa kuchomelea, unaua macho, na kila mara alichomelea akiwa amevaa miwani ya jua ya kike iliyovunjika mkono mmoja, kwa sababu ile kofia ya kioo ilimfanya atoke jasho. Siku ya Bwana aliimba besi kwenye kwaya, akipotea kila baada ya ubeti, na siku ya Jumatatu akichomwa na cheche alitukana kwa Kilingala maneno ambayo padri asingeyajua. Alikuwa mkali juu ya saa, na hakuna siku aliyorudi kutoka chakula cha mchana kabla ya saa tisa.

Na alipenda mashine. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Angekuwa mtu wa kuzichukia, leo ningekuwa na pa kujificha.

Mimi nilirudi Goma kutoka masomoni nikiwa na diploma ya uhandisi na kompyuta yenye programu ya kujaribu chuma kabla chuma hakijakatwa. Unachora kitu kwenye kioo, unasema kimetengenezwa kwa nini, bomba lina unene gani, uzito unakaa wapi, kisha unaiacha mashine ihesabu. Baadaye inakuletea picha yenye rangi. Pale pekundu, kitu chako kinateseka. Pale pa buluu, kinapumzika. Ukitumia programu hiyo mwanzoni kabisa, wakati kitu bado ni wazo, unaweza kubadilisha mara ishirini bila kukata hata bomba moja. Hilo ni kweli na bado naliamini.

Shirika moja lilitaka kutengeneza trisikli mpya, yaani kile kiti chenye magurudumu matatu ambacho mtu asiyetembea anakiendesha kwa mikono. Zile za zamani zilikuwa nzito mno. Nilipewa kazi ya kuichora, na Papa Soudeur, ambaye alikuwa ametengeneza za zamani nyingi, alipewa kazi ya kuchomelea. Siku ya kwanza nilipomfungulia kompyuta kwenye karakana yake, alivua ile miwani ya kike, akakaribia kioo mpaka pua ikakigusa.

"Ingénieur, pale rouge ni pale chuma inalia?"

"Ndiyo, Papa. Ni pale inaumia."

"Na ile bleu?"

"Ile inapumzika."

Halafu akatoka nje mbio, akaita fundi viatu, akaita mama wa mkaa, akaita waliokuwa wakipita. "Mukuye muone! Iyi machine inafanya kazi ya chokaa yangu, na haikule hata kilo moja ya chuma! Ni huyu mutoto njo ameileta. Ni Ingénieur wetu!" Alinishika bega huku akiwaonyesha, na mimi nikasimama pale nikiwa nimevimba kichwa. Tangu siku hiyo mtaa mzima uliniita Ingénieur, yaani mhandisi.

Wiki tatu tulifanya kazi pamoja, na sijawahi kufanya kazi kwa furaha kama ile. Alikuja na mawazo, mimi ninachora, mashine inahesabu. "Sogeza ile gurudumu kidole mbili." Nasogeza, wekundu unapungua, anapiga makofi. Aliniambia bomba la sokoni huandikwa milimita mbili na halifiki milimita mbili, akanipeleka kulipima, na kweli nikapunguza kwenye mashine. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mashine inajua kile tu ulichoiambia. Mimi niliyesoma sikuwa nimelifikiria.

Kisha tukafika kwenye kile chuma cha mshazari. Trisikli za zamani zilikuwa na chuma kinachotoka nyuma ya kiti, chini ya mshikio wa kusukumia, kikashuka kuegemea kwenye ekseli. Kilikuwa kizito. Kwenye picha yangu kilikuwa buluu tupu, kuanzia juu mpaka chini.

"Iyi chuma inakaa bure, Papa," nilimwambia. "Tukiitoa, tunapata ile wepesi shirika inataka."

Papa Soudeur alikitazama muda mrefu. "Anakaa bure ju haujamupa kazi," alisema. "Batu benye kusukuma, ulibaweka mu machine?"

Hapa lazima nieleze, kwa msomaji ambaye hajakaa Goma. Kwetu trisikli si kiti cha mgonjwa. Ni lori. Mlemavu mwenye trisikli anabeba mizigo, magunia ya viazi na kabichi zinazoshuka kutoka Kibumba, anapeleka sokoni au mpakani, na nyuma yake wako watu wawili au watatu wanaosukuma. Barabara zenyewe ni mawe. Gurudumu la mbele likikwama kwenye jiwe, wale wa nyuma wanauning'inia mshikio kwa uzito wao wote, wanaukandamiza chini ili mbele iinuke, na trisikli inaruka jiwe. Wanafanya hivyo mara mia kwa siku. Kila mtu wa mji huu ameona. Mimi pia nimeona tangu nikiwa mtoto. Lakini nilipokaa mbele ya kompyuta, niliweka mtu mmoja aliyekaa vizuri kwenye kiti, kama kwenye mfano niliofundishwa chuoni, na wale wa nyuma sikuwakumbuka.

Jibu la kweli lilikuwa, "Hapana, Papa, nimesahau." Kulikuwa na siku moja mbele yetu kabla ya kuonyesha mchoro kwa shirika. Umeme ulikuwa unakatika. Lakini nisijifiche nyuma ya umeme. Sikujua namna ya kuwaweka. Uzito unaopiga na kuachia, unaopiga tena na tena mpaka chuma kichoke, ulikuwa kwenye somo nililofaulu kwa kubahatisha. Na sikutaka kusema sijui mbele ya mtu aliyeniita Ingénieur mbele ya mtaa.

"Ndiyo, Papa," nilisema. "Nilibaweka."

"Bote batatu?"

"Bote."

Alinitazama. Halafu akaguna, akachukua chaki na kuanza kuhesabu mabomba. Hakuuliza tena.

Shirika lilifurahi. Madame aliyesimamia mradi alisema huu ndio ufundi wa sasa, kujaribu kabla ya kukata, na kwa sababu mashine ilikuwa imekwisha kujaribu hakukuwa na haja ya ile trisikli ya kwanza ya kuvunja. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia Papa Soudeur hivyo. Alitengeneza kumi, nyepesi na nzuri, zilizopakwa rangi ya kijani, na ya kwanza ikaenda kwa Mama Esperance.

Mama Esperance miguu yake ilikufa akiwa mtoto, na mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko ya wanaume wengi. Kwa mikono hiyo alilisha watoto wanne na kumlipia mmoja masomo ya uuguzi. Alikuja karakana kuchukua trisikli akiwa amevaa kitenge kipya, akazunguka uwanja mara tatu akicheka, akatuita mimi na Papa Soudeur wanawe wawili, ingawa Papa Soudeur alimzidi umri.

Ilivunjika mwezi wa tatu tangu aichukue, asubuhi, kwenye mteremko wa kuingia sokoni Birere. Gurudumu la mbele lilikwama, vijana wa nyuma wakakandamiza kama walivyozoea, na mshikio ukang'oka pamoja na mgongo wa kiti. Mama Esperance alirushwa chini na magunia yakamwangukia. Mkono wake wa kulia ulivunjika kwenye kiwiko, mifupa ikasagika, na madaktari walifanya walichoweza. Mkono ule haukukunjuka tena.

Madame alituita ofisini. Vipande vya chuma vilikuwa juu ya meza, juu ya magazeti ya zamani. Papa Soudeur alivishika, akavigeuza, akapitisha kidole pale vilipokatikia. Mimi nilikaa na kompyuta yangu magotini, imefungwa.

"Alors," Madame alisema, akitazama kompyuta yangu, kisha mikono ya Papa Soudeur, "ni plan ao ni soudure?"

Nilifungua kinywa. Nakumbuka nilikifungua. Papa Soudeur akanitangulia.

"Ni mukono yangu, Madame," alisema.

Kisha akanyamaza. Madame naye akanyamaza. Kulikuwa na muda mrefu pale, mrefu wa kutosha mtu kusema maneno matano, na mimi nikaangalia magazeti. Madame akaandika. Tulipotoka nje, Papa Soudeur alisimama kidogo kwenye ngazi kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaenda zake.

Nilijiambia kwamba alikuwa ameniokoa. Nilijiambia kwamba mzee amefanya ukarimu wake, na kumkosoa mbele ya watu kungekuwa kumvunjia heshima. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Habari ilizunguka Majengo kwa siku mbili: chuma cha Papa Soudeur kimemvunja Mama Esperance. Mtu ambaye alipakia vitanda mawe! Wateja wakaanza kupita mbele ya karakana yake bila kugeuka. Trisikli tisa zilizobaki zilirudishwa zikaongezwa kile chuma cha mshazari, kwa tahadhari tu, walisema, na kazi hiyo akapewa fundi mwingine. Baada ya mwaka alifunga, akauza mashine yake ya kuchomelea, akahamia kwa binti yake anayekaa Munigi.

Mimi je? Siku chache baada ya ule mkutano niliketi nyumbani, nikajifunza lile somo nililolikimbia, nikawaweka wale watu watatu kwenye mshikio. Mashine ilihesabu asubuhi nzima. Picha ilipokuja, ule mshikio ulikuwa mwekundu kabisa, na wekundu ulikuwa pale pale chuma kilipokatikia. Mashine haikukosea. Ingeniambia kama ningeiuliza. Nilifunga kompyuta, na sikumwonyesha mtu.

Na shirika likanipa kazi ya kufundisha. Kwa miaka minne nimewafundisha vijana kutumia programu hiyo. Nawaambia, "Anzeni na watu watakaotumia kitu, mjue wanakitumiaje kweli." Nalisema vizuri sana. Wanaliandika kwenye daftari zao. Mara moja msichana mmoja aliniuliza nilijifunzia wapi hilo, nikajibu, "Kwa uzoefu." Nilitoka nje nikasimama nyuma ya darasa, kisha nikarudi nikaendelea na somo.

Mwezi uliopita nilipata taarifa kwamba macho ya Papa Soudeur yamekwisha. Nilipanda pikipiki kwenda Munigi. Nilimkuta amekaa mlangoni kwa binti yake, koti amelifunga vifungo vyote, uso ameuelekeza barabarani ingawa hakuwa akiona barabara. Nilimsalimu. Alinijua kwa sauti kabla sijamaliza.

"Ingénieur! Karibu, karibu. Leta kiti, we mama, ni Ingénieur yangu amefika."

Binti yake alileta kiti, akarudi ndani. Papa Soudeur aliniuliza habari za mama yangu, za kazi, za barabara ya Majengo kama bado ina mashimo. Nilimjibu yote. Kisha maneno yakaniishia, na lile nililolijia likabaki peke yake.

"Papa, nilikudanganya," nilisema. "Benye kusukuma. Sikubaweka mu machine."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu uliniambia 'bote'. Nilikuangalia mu macho. Nilikuwa bado naona, wakati ile."

Nilimwuliza, "Sasa ju ya nini ulimwambia Madame ni mukono yako? Soudure yako haikuachia. Chuma ilikatika pembeni yake."

"Nilijua unanidanganya, na nikakata chuma," alisema. "Nilitaka machine yako ishinde. Nilikuwa nimeita batu bote bakuye kuiona, si unakumbuka? Nilipata haya ya kukuuliza mara ya pili. Ile ni mukono yangu, kabisa. Sikudanganya Madame. Nilisema yangu, nikanyamaza, ili useme yako."

Nililia. Sioni haya kulisema hilo. Ni dogo kati ya yote. Ule muda mrefu ofisini, niliokuwa nikiangalia magazeti, alikuwa amenipa mimi. Na pale kwenye ngazi, alikuwa bado akiningoja. Miaka minne nilikuwa nimemshukuru kimoyomoyo kwa ukarimu ambao hakuufanya.

"Unisamehe, Papa."

"Mimi?" Aliuliza kama mtu aliyeshangaa kweli. "Ulikwenda kwa Esperance?"

"Hapana, Papa."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Alishika ukuta, akainuka, akamwita binti yake amletee viatu. "Twende," alisema.

"Sasa hivi, Papa? Nilifikiri kesho, nikishatayarisha..."

"Unataka kutayarisha nini?"

Tulishuka mjini watatu kwenye pikipiki moja, dereva mbele, yeye katikati amemshika koti mabegani, mimi nyuma. Mama Esperance sasa anakaa kwenye chumba kimoja nyuma ya soko. Alikuwa mlangoni, juu ya mkeka, akichambua maharagwe kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa umelala kifuani, umekunjika. Trisikli haikuwepo. Binti yake aliyesomea uuguzi ndiye anayemlisha siku hizi. Niliona nywele za Mama Esperance zimekuwa nyeupe, nikatamani dereva asizime pikipiki.

"Esperance," Papa Soudeur alisema, akiwa amenishika mkono kwa nguvu, sijui ni kwa sababu haoni au ni kwa sababu alinijua. "Nimemuleta."

Mama Esperance aliacha maharagwe. Alinitazama kuanzia viatu mpaka usoni, na hakuuliza ni nani.

"Mumekawia," alisema.

Kisha akaninyooshea mkono wa kushoto. Kwetu hatusalimiani kwa mkono huo, hata na mtoto. Aliona nimesita.

"Pokea tu, mutoto yangu," alisema. "Ule mwingine hauinukake tena."

Nilipiga magoti kwenye mawe, nikaupokea kwa mikono yangu miwili.

"Mama," nilisema, "ni mimi nilikuvunja."